Mkanda wa Nne

Draya ya saluni ikikaa wiki nzima bila kuwashwa kwa sababu umeme umekatika, siku ukiiwasha inatoa harufu ya vumbi linaloungua. Wateja wanakunja pua. Mimi nafumba macho naivuta. Msinicheke. Wengine wanakumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi nakumbuka kwa vumbi lililokalia balbu ya moto, na nikishakumbuka tu hasira inanipanda mpaka kwenye kitana. Wateja wangu wa hapa Viwanja Sitini wanajua: Skola akinyamaza ghafla huku anakuchana, shika kichwa chako.

Hasira yenyewe ni ya sinema. Tena sinema ya watoto. Ya zamani, na hata wakati ule tunaiangalia, miaka ya tisini, ilikuwa ya zamani tayari. Nyeusi na nyeupe, ina mikwaruzo kama mvua, watu wake wanatembea haraka haraka kama wanawahi choo.

Pale kanisani kwetu Ifakara kulikuwa na katekista anaitwa Benedikto. Huyu aliachiwa projekta na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, na pamoja na projekta aliachiwa sinema moja. Moja tu. Ilikuwa kwenye mikebe minne ya bati, kila mkebe una mkanda wake, umeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mtu mwenye roho nzuri angetuonyesha mikanda yote minne siku moja, tukalia, tukacheka, tukaenda nyumbani. Katekista Benedikto hakuwa mjinga. Alijua akifanya hivyo, Jumapili inayofuata atayafundisha mabenchi. Kwa hiyo alituonyesha mkanda mmoja kila Jumapili, baada ya mafundisho, na hukuingia ukumbini kama hukujibu maswali yake.

Ndugu zangu, mahudhurio yalipanda! Watoto waliokuwa wanajificha vichakani Jumapili walikuja wameoga mpaka nyuma ya masikio. Mtoto wa jirani yetu, Muislamu, baba yake ana duka la mafuta ya taa, alikaa benchi la mbele na kuzijibu Amri Kumi vizuri kuliko mimi niliyebatizwa.

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Ndani joto, jasho, harufu ya miguu ya watoto mia. Katekista anawasha, balbu inapata moto, ile harufu ya vumbi inakuja, na sisi wote kimya. Lugha ya mle ndani hatukuijua, na Katekista naye sidhani kama aliijua, maana alikuwa anatufafanulia tunachokiona. Watoto wanakimbia, yeye anasema, "Sasa wanakimbia." Mbwa anaruka, yeye, "Mbwa ameruka." Ahsante, mwalimu.

Ilikuwa hivi. Watoto watatu na mbwa wao wanaokota ramani ndani ya saa mbovu. Wanafunga magogo pamoja, wanashuka na mto kwenda kutafuta mali iliyofichwa pangoni, na nyuma yao anakuja jambazi mwenye sharubu zilizopindwa kama pembe. Majina yao hatukuyashika tukawabatiza wenyewe. Mkubwa tulimwita Mkubwa. Wa pili alikuwa na miwani, tukamwita Miwani. Wa mwisho alikuwa msichana mwenye misuko miwili inayoruka ruka, tukamwita Mikia. Mbwa, Popi. Jambazi, Sharubu.

Tuliwapenda na tuliwakasirikia kwa pamoja. Walikuwa wanajitosa mtoni bila kuangalia! Sisi tunaishi na mto Kilombero, tunajua mtoni unaingiaje: unasimama, unatazama, unatupa jiwe, halafu unamtanguliza mwenzako. Hawa wanaruka tu, chubwi, na viatu vya ngozi miguuni. Ukumbi mzima unapiga kelele: "Mamba! Mamba!" Mamba hatokei. Kiboko hatokei hata mmoja. Mto gani huo?

Lakini kilichotumaliza kabisa hakikuwa mto. Ni kwamba wale watoto hawakutumwa. Mikanda mitatu mizima, sikuona mtu akimwambia Mikia achote maji. Hakuosha sufuria. Hakubebeshwa mtoto mgongoni. Waliamka asubuhi wakachukua kikapu cha mikate wakaondoka, na mlangoni hakukuwa na mtu wa kuwauliza, "Nyie, na hiyo mikate, wapi?" Mimi siku hizo nikitoka nje kuangalia mvua tu nasikia, "Skola! Ukiwa umesimama hapo, leta kuni." Tuliwaonea wivu mpaka tumbo linauma, na Jumapili tunarudi kuumwa tena.

Sasa mkanda wa tatu. Mikia anaingia pangoni peke yake. Mlango unaporomoka. Maji yanaanza kupanda, magotini, kiunoni, kidevuni. Juu kuna tundu dogo, anainua mkono, vidole vinachezacheza hewani hakuna cha kushika. Halafu kitambaa kikawa cheupe, mkanda ukaanza kujipiga, pa-pa-pa-pa, na Katekista akasema kwa sauti ya upole, "Jumapili ijayo, wapendwa."

Wiki ile sikula vizuri. Na siku ya Jumanne, mimi na moyo wangu ule uliojaa maji ya pango, baba akaniambia, "Funga nguo zako. Mpunga wa bibi yako umeanza kutoa maziwa. Unakwenda kuamia ndege."

Kwa ambaye hajalima mpunga bondeni kwetu, nieleze kidogo. Mpunga ukiwa na maziwa, wale ndege wadogo, kweleakwelea, wanakuja kama moshi. Wakitua, dakika kumi nyingi, jaruba zima, kipande chote cha mpunga, linabaki makapi. Kwa hiyo mtu anakaa juu ya dungu, yaani kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba, tangu kukucha mpaka jua linazama, anapiga kelele, anarusha vidonge vya matope kwa teo, anavuta kamba iliyofungwa makopo shamba zima. Ukivuta, makopo yanalia huku na huku, ndege wanahama kwa jirani. Jirani naye anavuta, wanarudi kwako. Na anayekaa juu ya dungu ni nani? Mtoto. Msimu huo mjini unabaki na wazee, mbuzi, na watoto wa wafanyakazi wa ofisini.

Nililia. Nikamwambia baba kuna mtu anazama. Akauliza nani, nikamwambia Mikia. Akasema akimaliza kuzama atanifuata shambani.

Bibi yangu, Bibi Skolastika niliyerithi jina lake, alikuwa na shamba ng'ambo ya mto. Unavuka kwa pantoni, halafu unatembea saa nzima kwa mwendo wa mtu mwenye nia. Alikuwa mwembamba, mkali, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu miaka mingi, ukichokozwa unavimba kama muhogo. Alishaapa hapandi dungu tena mpaka kufa. Yeye alikuwa anakaa chini anapika, mimi juu napiga kelele, na ndege wakipungua namsimulia sinema. Nikamsimulia mikanda yote mitatu, na mikono, na sauti, na Popi akibweka. Bibi alikuwa msikilizaji mbaya kuliko wote duniani.

"Mama yao yuko wapi?"

"Hayumo, bibi."

"Na shambani kwao nani anaamia?"

"Hawana shamba!"

"Sasa hiyo mikate wanayokula imetoka wapi?"

"Bibi, mtoto anazama!"

"Nimesikia anazama. Nauliza mikate."

Nikamwambia Jumapili ni mkanda wa nne, wa mwisho, na nisipouona basi, maana sinema ni moja na mwisho ni mmoja. Nilimwambia asubuhi, mchana, nikamwambia akiwa anasonga ugali. Akasema, "Tulia, mtoto wewe. Hiyo sinema haiendi popote." Maneno gani hayo ya kumwambia mtu? Nikamwona ni kama baba tu.

Ijumaa ndipo akanikoroga nyongo kabisa. Aliamka akajifunga khanga yake ya safari, akashika fimbo, akasema anakwenda mjini kununua chumvi. Mjini! Yeye asiyejali sinema anakwenda mjini, mimi ninayekufa kwa ajili yake nimekaa juu ya miti kama nyani. Karudi jua limelala, anachechemea, mguu umevimba. Na chumvi hana.

"Chumvi iko wapi?"

"Nimesahau."

"Umekwenda mpaka mjini ukasahau chumvi?"

"Skola, hiyo sinema haiendi popote," akasema, na alikuwa anacheka cheka peke yake. Kwa hasira nikala mboga isiyo na chumvi.

Hapo ndipo nikaamua. Wale watatu hawakuomba ruhusa kwa mtu, na mbwa wao aliwasaidia. Kwenye mkanda wa pili Popi alifungwa kamba ya kengele ili Sharubu afikiri watoto bado wamo ndani. Kengele inalia, Sharubu anasubiri mlangoni, wao wametokea dirishani zamani. Nikawaza, makopo na kengele si kitu kimoja? Na bibi si ana mbwa?

Mbwa wa bibi alikuwa anaitwa Askari, jina kubwa kuliko kazi aliyowahi kufanya. Jumapili asubuhi bibi akaenda kwenye sala pamoja na wenzake wa mashamba ya jirani, huwa wanarudi adhuhuri. Alipopotea tu, nikamfunga Askari kamba ya makopo shingoni, nikaning'iniza kichwa cha kambale kwenye nguzo ya dungu, juu kidogo ya pale anapoweza kufika. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: ataruka asubuhi nzima, makopo yatalia asubuhi nzima. Akaruka mara moja, makopo yakalia, ndege wakatimka. Nikajipongeza, nikachomoka mbio.

Kwenye pantoni, mzee anayeivuta kwa kamba akaniuliza, "We mjukuu wa Skolastika, unakwenda wapi peke yako?" Nikamwamkia shikamoo ndefu ya adabu, nikasema, "Bibi alisahau chumvi." Akatikisa kichwa. "Kweli, juzi alipita hapa mikono mitupu." Yaani uongo wangu ulikuwa na shahidi. Nikajiona Mkubwa, Miwani na Mikia kwa pamoja.

Nilifika ukumbini matope mpaka mapajani, nikapenya bila kuulizwa swali hata moja. Mafundisho yamekwisha, blanketi ziko dirishani, harufu ya vumbi ile imeanza. Mabenchi yalikuwa nusu matupu. Katekista Benedikto akasimama mbele ya kitambaa, mikono ameikunja tumboni.

"Wapendwa, wenzenu wengi wako mashambani wanaamia. Si vizuri sisi tufaidi mwisho wao hawapo. Nimeombwa tuwasubiri. Kwa hiyo leo tunarudia mkanda wa kwanza. Wa nne tutauona wote pamoja, mpunga ukishavunwa."

Mnanielewa? Mkanda wa kwanza! Saa mbovu! Ramani! Nilisimama juu ya benchi kabla akili haijaniambia nikae.

"Mwalimu, mimi natoka shambani! Nimefika!"

"Nakuona, Skola. Lakini wenzako hawajafika."

"Mimi ndio hao wenzangu!"

Watu wakacheka. Nikauliza, "Kwani nani amekuomba?" Katekista akanigeuzia mgongo, akachukua mkebe wa kwanza. "Kaa chini, binti." Nikakaa. Nikaangalia mkanda wa kwanza wote, machozi yananitoka pale ambapo wenzangu wanacheka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namlaani huyo aliyeomba. Sikumjua, lakini nilimtengeneza kichwani: mtu mzima, mnene, mwenye roho ya kwanini, anayekaa kivulini anafikiria namna ya kuwaharibia watoto siku. Nikasema kwa sauti, kwenye pantoni, watu wananisikia: "Aliyeomba sinema isubiri, miguu yake imvimbe, asiweze hata kwenda chooni." Mzee wa kamba akasema, "Eh! Hiyo chumvi imekuwaje?"

Shambani nilisikia makopo yanalia kabla sijaona dungu. Nikamsifu Askari. Nilipokaribia, Askari alikuwa chini kivulini amelala chali, mabaki ya kichwa cha kambale pembeni yake. Juu ya dungu alikuwa bibi. Kamba mkono mmoja, teo mkono mwingine, khanga imemvuka begani, anapiga kelele ambazo hazikuwa kelele tena, zilikuwa upepo tu, sauti ilishakwisha. Mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, umevimba umekuwa kama si wake. Jaruba la pembeni, lile zuri kuliko yote, ndege walishalitembelea.

Nikapanda ngazi. Nikakaa mbali naye kidogo, mahali ambapo kofi lingefika likiwa limechoka. Kofi halikuja. Akanikabidhi kamba. Nikavuta. Halafu kwa ile sauti yake iliyokatika akaniuliza:

"Haya. Yule mtoto, alitoka pangoni?"

Ningemwambiaje? Kwamba jaruba zima limeliwa, mguu wake umekufa, sauti imekwenda, na mimi nimeangalia saa mbovu? Sikuweza. Mdomo wangu ukaanza wenyewe.

"Alitoka."

"Nani alimtoa?"

Nikatazama huku na huku. "Bibi yake."

"Kumbe ana bibi!" Akanigeukia. "Siku zote hukuniambia!"

"Alikuwa mkanda wa nne. Alikuwa amebaki kwao, shambani. Akasikia kimya, akajua mtoto hayuko sawa. Akachukua kamba ya makopo akaifungua makopo, akaenda mpaka juu ya pango, akaitumbukiza kwenye tundu. Mikia akashika. Bibi akavuta."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na mguu wake mbovu."

"Na Sharubu?"

"Alimpiga na fimbo."

Bibi alicheka bila sauti, mabega tu yanaruka, mpaka akashika nguzo. Akaniambia nirudie pale pa fimbo. Nikarudia. Baba alipokuja baada ya siku mbili akaliona lile jaruba akauliza kwa hasira nani alikuwa dunguni, bibi akasema, "Mimi. Nilisinzia." Baba akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akaingia jarubani.

Tulivuna, tukarudi mjini, watoto wote, ukumbi ukajaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Katekista akatoa mkebe wa nne. Akawasha. Balbu ikatoa mwanga mmoja mkali, ikasema pwa, giza. Tukaambiwa balbu nyingine itaagizwa. Sijui iliagizwa kwa konokono. Mkebe wa nne mara ya mwisho niliuona sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, umewekewa vipande vya mishumaa.

Basi miaka ikapita, bibi tukamzika, nikamaliza darasa la saba, nikajifunza nywele. Na juzi tu hapa, siku umeme uliporudi, nikaweka kwenye TV ya saluni diski aliyoisahau mteja, sinema za zamani za watoto, ili watoto wa wateja watulie. Draya imewaka, vumbi linanukia. Nageuka, namuona Popi.

Nikaacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa. Nikapeleka mbele mpaka pangoni. Maji kidevuni, vidole tunduni. Nilikuwa nina miaka kumi tena. Na nani akamtoa? Popi! Anakuja na kamba mdomoni, Mkubwa na Miwani wanavuta, dakika moja kazi imekwisha. Halafu matarumbeta, mkuu wa mji, keki kubwa kama gurudumu la trekta. Walitoroka, wakapewa keki! Hakuna aliyewauliza chochote. Nikatafuta pembeni, nyuma ya matarumbeta, kama kuna mtu yeyote mwenye sauti iliyokauka. Hayupo.

Nikapiga kelele, "Bibi yuko wapi? Wamemtoa bibi!"

Chini ya draya alikuwa amekaa mama mtu mzima, amekuja kupaka piko. Ni mke wa Katekista Benedikto. Akainua kile kikofia cha draya, akaniuliza bibi gani. Nikamweleza yote, na hasira zangu, na yule mtu aliyeomba mkanda usubiri.

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani mpaka leo hukuambiwa? Ni bibi yako. Alikuja nyumbani siku ya Ijumaa, kwa miguu, na ule mguu wake. Akasema, 'Nina mjukuu kule dunguni amenichosha masikio. Msiuonyeshe mwisho mpaka arudi.' Tukamkaribisha chai, akakataa, anawahi pantoni. Akasema, 'Na msimwambie nimekuja kuomba, atanipanda kichwani.'"

Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

Kwa hiyo alijua. Pale juu ya dungu, mguu umevimba, alipouliza mtoto alitoka pangoni, alijua kabisa hakuna mkanda wa nne ulioonyeshwa siku ile. Alinisikiliza neno kwa neno. Akaniambia nirudie pale pa fimbo. Na mimi saa moja kabla, kwenye pantoni, nilikuwa naiombea ivimbe miguu ileile.

Hasira haijaisha, niwaambie ukweli. Bibi, ungesema tu! Neno moja. Ungefungua mdomo Ijumaa, nisingetoroka, jaruba lisingeliwa, usingepanda dungu. Nina ugomvi na wewe mpaka leo, na humpati wa kukutetea.

Mama Katekista akashusha kikofia cha draya, kisha akakiinua tena.

"Sasa nieleze. Hiyo sinema, mwisho wake ikawaje? Mume wangu hakuwahi kuniambia."

Nikaizima TV, matarumbeta yakakatika katikati. Nikachukua kitana.

"Bibi yake alikuja na kamba," nikasema.